Difu ya LSD kwenye gari la kujiundia: anza kwenye habu, malizia kwenye difu

Wasomaji wanaojijengea magari madogo ya michezo huko Uingereza wananiuliza swali moja kila mara. Mtu ameshanunua fremu na bodi, ameshalichinja gari la Mazda MX-5 kuukuu apate injini na sasipensheni, halafu anakutana na tangazo la difu ya LSD, yaani ile inayozuia gurudumu moja lisizunguke bure. Bei inavutia. Anataka kujua: itaingia?

Mara nyingi itaingia. Kazi iko kwenye vitu vinavyoizunguka. Difu ile imetoka kwenye gari lililokuwa na draivu shafti zake, propela yake na breki zake, na muuzaji ameing'oa peke yake. Ukiinunua hivyo utaanza kusaka vipande vya kuiunganisha kimoja baada ya kingine, na unafuu wa bei utaisha kabla gari halijagusa barabara.

Nitaeleza kwa kutumia MX-5, kwa kuwa ni mojawapo ya magari yanayochinjwa sana kwa kazi hii. Gari kama MEV Exocet huchukua karibu kila kitu kutoka humo, pamoja na fremu ndogo za mbele na nyuma. Wenye Ford Sierra nimewawekea sehemu yao huko chini.

Fuata mpangilio huu

1. Habu na breki za nyuma.
2. Draivu shafti zinazoingia kwenye habu hizo.
3. Difu inayopokea shafti hizo.
4. Propela inayofungwa kwenye difu hiyo.
5. Breki za mbele zinazolingana na breki za nyuma ulizoishia nazo.

Wengi huanzia namba 3, na wachache hufika namba 5. Nakuomba uichukulie hiyo ya tano kwa uzito kuliko zote, kwa sababu ukikosea namba 3 gari halitatembea, lakini ukikosea namba 5 litatembea vizuri sana mpaka siku utakapokanyaga breki kwa nguvu.

Zijue Mazda mbili

MX-5 za mwanzo, zenye injini ya 1.6 za mwaka 1989 hadi 1993, zina difu ndogo ya inchi 6. Diski zake ni milimita 235 mbele na 231 nyuma. Za 1.8, zilizoanza na modeli ya 1994, zina difu ya inchi 7, na diski za milimita 255 mbele na 251 nyuma.

Tofauti zitakazokugusa mikononi ni hizi:

- Draivu shafti ya 1.6 huchomekwa moja kwa moja ndani ya difu. Ya 1.8 hufungwa kwa nati nne kwenye flanji inayotoka ubavuni mwa difu.
- Flanji ya propela haifanani. Propela ya 1.6 haifungi kwenye difu ya inchi 7 jinsi ilivyo.
- Meno ya shafti upande wa habu yanafanana. Habu za 1.6 hupokea draivu shafti za 1.8.

Hiyo ya mwisho ni neema na ni mtego pia. Ni neema kwa sababu huhitaji kubadilisha habu. Ni mtego kwa sababu mtu akiona shafti imeingia kwenye habu bila shida huamini kwamba mengine yote yatakubali vilevile.

Usimwamini muuzaji anayekuambia tu "imetoka kwenye 1.8". Mwambie akupigie picha ubavu wa difu. Flanji yenye nati nne inaonekana wazi hata kwa picha ya simu.

Nunua familia nzima

Ukihama kutoka inchi 6 kwenda inchi 7, hivi ndivyo vya kudai vitoke kwenye gari moja:

- difu pamoja na vishina vyake viwili vya pembeni vyenye flanji;
- draivu shafti zote mbili, kushoto na kulia;
- propela;
- mabano ya kalipa na diski za 1.8, mbele na nyuma;
- bolti na nati zote, hata zenye kutu, upate kujua saizi zake.

Sisitiza vishina vya difu. Kuna wanaotumia vya difu ya kawaida wakidhani vyote ni sawa, kisha hugundua kwamba havikai sawasawa ndani ya LSD waliyonunua kwingine.

Kama fremu yako inataka propela fupi, usikate ile ya 1.6 uliyonayo. Tafuta kwanza ya 1.8, ipeleke kwa fundi mwenye mashine ya kubalansi, aikate na kuibalansi kwa mkupuo mmoja. Propela iliyochomelewa kwa kukadiria kwa macho hutetemesha gari zima ukishaingia barabara kuu, na mtetemo huo unakula sili ya mbele ya difu.

LSD ipi kwa gari jepesi?

Gari la kujiundia la aina hii linaweza kuwa na kilo 600 hadi 700, wakati MX-5 yenyewe ilikuwa karibu na kilo 1,000. Kwa hiyo sifa ulizosoma kuhusu difu fulani ndani ya Mazda huenda zisijirudie kwako.

*Ya maji mazito.* Ndiyo iliyokuja kwenye baadhi ya 1.6 za mwanzo. Ndani yake kuna kimiminika cha silikoni kilichofungiwa, na kikizeeka huwezi kukibadilisha kirahisi. Kifaa hicho sasa kina zaidi ya miaka 30. Mimi singeinunua.

*Torsen.* Hufanya kazi kwa gia tupu, haina pleti za kuisha, na ni tulivu barabarani. Kwa gari la kutembelea ndiyo ninayoipendekeza. Ila ina tabia moja ambayo lazima uijue: gurudumu moja likinyanyuka kabisa hewani, Torsen hugeuka kuwa kama difu ya kawaida, kwa sababu haina upinzani wa kuzidisha. Gari jepesi lenye springi ngumu hunyanyua gurudumu la ndani kwenye kona kwa urahisi. Hilo likikutokea, tatizo liko kwenye springi na baa ya kuzuia kulala, usiilaumu difu.

*Ya pleti.* Hubana hata gurudumu likiwa hewani, hivyo inafaa kwa uwanja wa mashindano. Huguna kwenye kona za polepole, hutaka oili maalumu, na huhitaji kufunguliwa na kutengenezwa pleti zikiisha. Kwenye mvua, ndani ya gari la kilo 650, ile yenye mbano mkali inaweza kusukuma pua ya gari nje ya kona.

Ikague kabla ya kulipa

Kama difu bado iko kwenye gari, nyanyua magurudumu yote mawili ya nyuma, weka stendi imara, gia iwe huru. Zungusha gurudumu moja kwa mkono. La pili likizunguka kinyume, difu hiyo yaelekea ni ya kawaida. Yakienda upande mmoja, kuna dalili ya LSD. Jibu hili hudanganya difu ikiwa imechoka, kwa hiyo usilipe kwa kipimo hicho peke yake.

Kisha hesabu uwiano wa gia. Tia chaki kwenye propela, zungusha magurudumu yote mawili pamoja mizunguko 10 kamili, mwenzako akihesabu mizunguko ya propela. Ikiwa 43, difu ni ya 4.3. Ikiwa 41, ni ya 4.1. Kazi hii haichukui muda, na itakuokoa na mambo ya spidomita nitakayoyaeleza.

Mwisho, fungua nati ya oili. Ingiza kidole. Oili yenye rangi ya maziwa imeingia maji. Unga laini wa chuma kwenye sumaku ni jambo la kawaida kwa difu ya umri huo, lakini kipande chenye ncha ni jino la gia au beringi inayovunjika, na hapo ondoka.

Draivu shafti: pima mwendo, usipime urefu tu

Hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Mtu hupima shafti mezani, anaona inatosha, anafunga. Shafti haiishi mezani. Gurudumu linapopanda na kushuka, umbali kati ya habu na difu hubadilika, na jointi ya ndani ndiyo inayonyonya mabadiliko hayo kwa kuingia na kutoka.

Fanya hivi:

1. Toa springi, bakiza shokomzoba tupu au uiondoe kabisa, ili mkono wa sasipensheni usogee kwa nguvu ya mikono.
2. Funga shafti pande zote mbili.
3. Inua gurudumu kwa jeki taratibu hadi mwisho wa juu. Simama kila sentimita mbili, shika shafti, isukume ndani na uivute nje. Lazima uisikie ikicheza.
4. Shusha hadi mwisho wa chini, ukifanya vilevile.
5. Andika mahali ambapo mchezo ni mdogo kuliko kote. Mimi sikubali chini ya milimita 5 hapo.
6. Rudia upande wa pili. Usidhani pande mbili zinafanana. Fremu iliyochomelewa kwa mkono inaweza kupishana.

Shafti ikigota ndani, nguvu yote ya shimo la barabarani hupiga beringi za difu. Ikitoka kupita kiasi, jointi huachana, nawe utakuwa umekaa juu yake kwenye mwendo wa kasi. Kwa kila upande wa kosa dawa ni tofauti: shafti ndefu huhitaji kufupishwa na karakana inayoweza kuchonga meno upya, na shafti fupi huweza kuwekewa kipande cha nafasi kati ya flanji na jointi, pamoja na bolti ndefu zaidi. Kuikata katikati na kuichomelea usithubutu. Chuma cha shafti kimepitishwa motoni kwa utaratibu maalumu, na joto la kuchomelea hukiharibu pale pale panapobeba mzigo.

Angalia pia mpira wa jointi ukiwa mwisho wa chini. Mikunjo yake isisuguane na isiguse fremu. Mpira ukichanika, grisi inatoka, mchanga unaingia, na jointi imekwisha.

Nati kubwa ya habu, ile ya milimita 29, iwe mpya kila unapoifungua. Inakazwa kwa zaidi ya Nm 200, kwa hiyo ikaze gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake, mtu amekanyaga breki, kwa spana ya kupimia mkazo. Kisha pigia ukingo wake uingie kwenye mfereji wa shafti. Kiasi kamili kifuate kwenye kitabu cha gari lililochinjwa.

Breki: mtego wa nyuma kubwa, mbele ndogo

Tuseme umepata fremu ndogo nzima ya nyuma ya 1.8, difu, shafti na breki vikiwa pamoja. Unaifunga chini ya gari ambalo mbele yake limetoka kwenye 1.6. Kila bolti imeingia. Umefurahi. Lakini sasa una diski za 251 nyuma na 235 mbele.

Diski kubwa inashikwa mbali zaidi kutoka katikati ya gurudumu, hivyo kwa mkanyago uleule inazuia zaidi. Kutoka 231 hadi 251, nguvu ya breki za nyuma inaongezeka kwa karibu asilimia 10, na za mbele zimebaki pale pale. Magurudumu ya nyuma yanasogea karibu na kufunga kabla ya ya mbele. Yakifunga kwanza, nyuma ya gari hukupita, na usukani hauwezi kukusaidia. Ukaguzi wa IVA, ambao gari la kujiundia hupitia Uingereza kabla ya kusajiliwa, unataka breki za mbele zitangulie kufunga.

Dawa yake ni rahisi na si ghali: badilisha na mbele pia. Kalipa za 1.6 unaweza kuzibakiza. Kinachohitajika ni mabano ya kalipa na diski za 255. Uwiano wa mbele na nyuma unarudi karibu na ule wa kiwandani, na ringi za inchi 14 bado zinatosha.

Makosa mengine ninayoyaona:

- Kung'oa vali ya kugawa nguvu ya breki kabla ya kujaribu gari. Ni kweli kwamba gari jepesi na fupi kwa kimo halilali sana mbele, kwa hiyo linaweza kutumia breki za nyuma zaidi kuliko MX-5. Hilo lithibitishe kwa majaribio kwanza.
- Kuweka baa ya kurekebisha uwiano na kuiacha huru. Kwa IVA lazima ifungwe kabisa isiweze kuchezewa.
- Kuondoa busta bila kugusa masta silinda. Pedali itakuwa ngumu. Masta silinda nyembamba hutoa presha kubwa kwa mkanyago uleule, ila pedali husafiri mbali zaidi. Hakikisha haifiki sakafuni.
- Kudhani kalipa imenata. LSD huvuta gurudumu hata breki zikiwa nzima. Ukitaka kujua ukweli kwenye 1.8, fungua zile nati nne, tenga shafti na difu, kisha zungusha habu. Ikizunguka kwa wepesi, kalipa ni nzima.

Unapopeleka gari kupimwa breki kwa mashine ya roli, mwambie mpimaji mapema kwamba lina LSD. Roli huzungusha gurudumu moja, na difu inalivuta la pili, hivyo namba zinaweza kupotosha. Zipo njia nyingine za kupima, naye anazijua, ila hawezi kukisia kilichomo ndani ya difu yako.

Hendibreki

Kalipa ya nyuma ya MX-5 ina kirekebisho ambacho wengi hawakijui. Nyuma ya kalipa kuna bolti ya milimita 14. Ifungue, na ndani ya tundu utakuta kichwa kinachotaka ufunguo wa aleni wa milimita 4. Zungusha kwa mwendo wa saa mpaka pedi ziguse diski na gurudumu likatae kugeuka, kisha rudisha theluthi moja ya mzunguko. Rudisha bolti. Fanya hivyo pande zote mbili kabla hujagusa kebo.

Anayekaza kebo ili kuficha pedi zilizokaa mbali hupata hendibreki inayoshika upande mmoja tu.

Spidomita

Kwenye MX-5 za mwanzo mwendo husomwa kwenye gia boksi, kabla ya difu. Ukitoka 4.3 kwenda 4.1, kwa mzunguko uleule wa propela gari linakwenda mbele kwa karibu asilimia 5 zaidi. Spidomita iliyokuwa sahihi itaonyesha maili 60 kwa saa ukiwa karibu na 63. Sheria ya Uingereza hairuhusu spidomita isome chini ya mwendo halisi. Kama umebadilisha tairi pia, fanya hesabu ya vyote viwili pamoja, kisha weka spidomita ya elektroniki inayoweza kurekebishwa.

Kwa wenye Sierra

Sierra zina difu za zaidi ya ukubwa mmoja, na hapo ndipo pa kuanzia. Ile ya inchi 7 yenye LSD ya maji mazito ilikuwa nyuma ya XR4x4, na ya inchi 7.5 ilikuwa kwenye Cosworth. Ya Cosworth ni kubwa na nzito, na haikai kwenye vishikio vilivyotengenezewa ya inchi 7. Shafti ziko za kuchomeka na za kufunga kwa bolti sita, na jointi zenyewe zina vipenyo tofauti, kwa hiyo nenda na kalipa ya kupimia.

Sierra nyingi zilikuwa na breki za dramu nyuma. Usichanganye shafti za gari la dramu na habu za gari la diski bila kupima mwendo kama nilivyoeleza.

"Lakini je…"

*Nina 1.6 ya kawaida. Nahitaji LSD kweli?* Kama ni gari la kutembelea, pengine huihitaji. Difu ya inchi 6 iliyo nzima inabeba injini hiyo ndani ya gari jepesi. Fedha hizo zipeleke kwenye tairi nzuri na mabomba mapya ya breki kwanza. Ukipanga turbo, hapo anza na inchi 7.

*Nikichomelea difu yangu, si ni LSD ya bure?* Hapana. Kila kona itaburuza tairi moja, na draivu shafti zitabeba mvutano huo. Barabarani kwenye mvua ni hatari kwako na kwa wengine.

*Niweke diski kubwa za MX-5 Sport, 270 na 276?* Zinataka ringi za inchi 15 na zinaongeza uzito gurudumuni. Kwa kilo 650, diski za 1.8 zenye pedi nzuri zinatosha.

*Niko Nairobi au Dar, sina MX-5.* Mpangilio haubadiliki. Altezza RS200 ilipatikana ikiwa na Torsen. Ukiichinja, chukua difu, shafti, habu na breki vyote pamoja.

Siku ya kwanza

Jaza oili ya GL-5 hadi ianze kumwagika kwenye tundu la kujazia, gari likiwa limekaa sawa. Ya inchi 7 hula lita 1, ya inchi 6 hula lita 0.65. Ya pleti ipe oili ambayo mtengenezaji wake ameitaja.

Jaribu breki kwenye uwanja binafsi, mkavu na mpana, kwa mwendo mdogo kwanza. Weka mtu nje, pembeni, mbali na njia yako, aangalie ni magurudumu yapi yanafunga mapema. Wewe ndani hutaona. Ya nyuma yakitangulia hata mara moja, gari lisitoke uwanjani hapo mpaka urekebishe.

Baada ya maili 100, kagua mkazo wa nati nne za kila shafti na za propela, tazama mipira ya jointi, kisha mwaga oili ya difu uweke mpya. Unga laini kwenye sumaku si wa kutia hofu. Ukikuta vipande, fungua difu kabla hujawasha injini tena.